Kofia Kwenye Beleshi

Mume wangu Wendell huuza vigae vya sakafu, lakini ukimwona usidhani akili yake iko kwenye vigae. Iko kwenye theluji. Wanaume wengine wa hapa Hagerstown wana mpira, wana pombe, wana msimu wa kuwinda kulungu. Mimi nikapewa huyu, ambaye akiamka hata uso hajanawa, keshafungua kompyuta aone kama wingu lililoko Texas limepinda kuja kwetu. Nilimvumilia miaka yote. Dada yangu Noreen alipomcheka, mimi ndiye niliyemtetea. Sasa simtetei tena, na nitasema kwa nini.

Wenye wazimu huo wako watatu. Kila Jumamosi asubuhi hukaa meza ya dirishani katika mkahawa wa Patsy, wakabishana mpaka mayai yanapoa. Mzee Harlan alikuwa mwalimu wa jiografia, na kazi yake pale ni kukataa. Glenna huendesha basi la shule. Mwanamke mcheshi, mdomo wake hauna kifuniko. Wendell wangu kazi yake ni kutumaini. Mimi nilikuwa nikifuatana nao kwa ajili ya chapati za maji za Patsy, si kwa kingine.

Karibu na mlango limesimamishwa beleshi kuukuu la kuzolea theluji. Ukisema dhoruba inakuja, unavua kofia yako na kuitundika kwenye mpini, kila mtu aione. Ikishatundikwa, haishuki mpaka siku uliyoitaja ipite. Theluji ikianguka, wenzako wanakulisha. Isipoanguka, watakucheka wiki moja na yataisha. Kisichosameheka ni kuishusha kofia mapema, eti kwa sababu ramani zimegeuka. Wanaamini kabisa kwamba kufanya hivyo ndiko kunakoiua dhoruba. Kuna jamaa aliwahi kuishusha. Mpaka leo wanamwita Manyunyu, na mezani hakurudi tena.

Mwaka huu theluji ilitunyima. Tulipata mvua na matope, basi. Machi ikaenda ikaelekea ukingoni, maua ya manjano yakachomoza mbele ya posta, watu wakatoa mashine zao za kukatia nyasi. Jumamosi moja Wendell akaingia kwa Patsy uso unang'aa.

"Ijumaa," akasema kabla hajakaa. "Futi nzima."

"Futi ya vigae?" Mzee Harlan akauliza, macho kwenye soseji yake.

"Cheka tu, mzee. Utaizoa wewe mwenyewe mlangoni kwako."

"Mwanangu, hebu tazama nje. Jua liko juu, ardhi imeshapata moto. Hiyo theluji yako itayeyuka kabla haijagusa nyasi."

"Jua, jua! Kila Machi ni wimbo huo huo. Ikimwagika kwa nguvu alfajiri, hilo jua lako litafanya nini?"

"Litakucheka, kama mimi."

Wendell akaisukuma simu yake katikati ya sahani. "Ulaya imesema futi. Haya, ione."

Ulaya ni kompyuta ya ng'ambo inayochora ramani za hali ya hewa. Wanaitaja kama mtu anavyomtaja shangazi tajiri.

"Na ya kwetu imesemaje?" Glenna akauliza.

"Ya kwetu imesema mvua. Lakini ya kwetu iliwahi kusema kweli lini?"

"Januari hiyo Ulaya yako ilituahidi hivyo hivyo, tukalowa chapachapa. Lakini mimi naitaka, jamani. Wale watoto wa basi wamenitoa roho. Shule zifungwe, nipeni Ijumaa moja tu nilale."

"Basi tundika," Mzee Harlan akamwambia Wendell. "Maneno mengi ya nini? Tundika tukuone."

Wendell akainuka. Akavua kofia yake ya sufu ya buluu, niliyomfumia mwenyewe, akaenda kuitundika kwenye mpini. Mkahawa mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mkubwa.

Jumatano jioni Noreen akapiga simu kutoka Elkins, ng'ambo ya milima, alikokuwa akimuuguza mama yetu. Moyo wa mama ulikuwa umechoka tangu Krismasi.

"Rosalie, njoo," akasema. "Daktari ametoka hapa sasa hivi. Anasema tusihesabu wiki. Na mama anakutaja wewe tu, mimi niliyemwosha leo hata hanioni."

Nikaanza kutia nguo begini. Wendell akasimama mlangoni na simu yake mkononi.

"Mke wangu, usipande milima sasa. Kule juu itaanza mapema kuliko huku. Ukikwama kwenye gari usiku kucha, nani atakutoa? Ngoja Jumamosi, magari ya kukwangua theluji yakishapita nitakupeleka mwenyewe."

Nikasikiliza. Kwa nini nisisikilize? Mwaka fulani nilimbishia, gari likaingia mtaroni, nikakaa humo nikitetemeka mpaka polisi wakanivuta. Tangu siku hiyo, kwa habari za mbinguni nilimwachia yeye. Nikaliweka begi kando ya mlango.

Sikulala. Alhamisi asubuhi nikatoka jikoni, funguo za gari ziko mkononi. Wendell alikuwa mbele ya kompyuta yake, mgongo kwangu.

"Niambie kweli," nikamwambia. "Naweza kuwahi? Nikitoka saa hii nitafika mchana."

Akapitisha kidole kwenye ramani, mbele na nyuma. Nakumbuka kile kidole. Wakati ule nilidhani anapiga hesabu.

"Haijabadilika," akasema. "Kaa."

Nikampigia mama. Noreen akamshikia simu sikioni.

"Unakuja, mwanangu?"

"Jumamosi, mama. Theluji ikishazolewa."

"Theluji ipi tena? Mbona jua linaniwakia usoni? Nimemwambia Noreen afunge pazia." Akacheka, kile kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi. "Haya. Jumamosi. Usichelewe, lakini."

Ijumaa ikapambazuka kavu. Nikasimama uani nikitazama juu kama kuku anayemwogopa mwewe. Hata wingu la kutisha hakuna. Wendell alikuwa ameshatoka kwenda dukani kwake bila kunywa kahawa, na simu yangu hakupokea. Mimi nikaenda kazini kwenye duka la dawa, maana nilijiambia labda itaanza adhuhuri.

Katikati ya asubuhi Glenna akaingia kununua pipi za koo. Aliponiona kwenye kaunta akashtuka.

"Wee, shemeji! Unafanya nini hapa? Si nilisikia mama yako yuko taabani?"

"Nangoja dhoruba ipite."

"Dhoruba ipi?"

"Dhoruba ya Wendell, Glenna. Kwani ziko ngapi?"

Akaziweka zile pipi chini. 

"Ile ilikufa," akasema. "Ilikufa Alhamisi kabla hakujapambazuka. Ulaya, ya kwetu, zote. Imeenda zake baharini. Wendell mwenyewe ndiye aliyetutumia ramani. Akatuomba tusitangaze mpaka Ijumaa ipite, kwa ajili ya kofia. Alisema huenda ikageuka irudi. Shemeji, mimi sikujua kwamba wewe..."

Sikumngoja amalize. Nilivua koti la kazi nikaliacha sakafuni.

Barabara ilikuwa kavu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mji kwa mji, mlima kwa mlima, kavu. Cheupe pekee nilichokiona ni chumvi ya kuyeyushia barafu ambayo watu wa barabara walikuwa wameimwaga tangu Februari, na hakuna aliyeihitaji. Niliendesha nikimtukana mume wangu kwa sauti, matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Noreen alikuwa amekaa ngazini. Aliposikia gari hakuinuka.

"Asubuhi," akasema. "Aliuliza kama leo ni Jumamosi. Nikamwambia ndiyo, mama, ni Jumamosi. Ningemwambia nini?"

Tulimzika Jumanne. Wendell alikuja na gari la Mzee Harlan, Glenna kakaa nyuma. Alinikuta nyuma ya kanisa, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili.

"Nisamehe. Nilidhani itarudi, Rosalie. Ramani hurudi, haki ya Mungu, nimeziona zikirudi."

"Ulijua."

"Ningekuambia wewe, ungemwambia Patsy, na Patsy angeishusha kofia..."

"Ulijua, Wendell. Nilikuuliza nikiwa na funguo mkononi."

"Nilijua," akasema.

"Na kofia yangu iko wapi?"

Akaniangalia kama hajaelewa. Kisha akaona aibu. "Bado iko kwenye beleshi."

Baridi ilianza tukiwa njiani kwenda makaburini. Upepo ukageuka ukatoka kaskazini, na mchungaji akashikilia kurasa za Biblia yake kwa vidole viwili. Walikuwa wanalishusha sanduku kwa kamba nilipoona chembe nyeupe ikitua kwenye kifuniko. Kisha nyingine. Kisha zikaja nyingi, kubwa, zimejaa, zikashika mpaka kwenye nyasi.

Nikainua macho. Mzee Harlan alikuwa amenyoosha mkono mbele yake, anatazama zinavyotua kwenye koti lake jeusi. Glenna naye vivyo hivyo, ingawa alipoona namtazama akauficha mkono nyuma. Na mume wangu, pembeni ya shimo la mama yangu, alikuwa ameinua kiwiko hadi karibu na pua, anahesabu ncha za chembe zilizotua kwenye koti lake. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikuhitaji kusogea ili nisikie.

"Nilisema itakuja," alikuwa akijiambia. "Nilisema."

 Noreen alinishika kiuno. Nilitupa udongo wangu, nikasubiri mchungaji aseme amina, nikapeana mikono na majirani wa mama mmoja mmoja. Halafu nikaelekea kwenye gari langu.

Wendell akanikimbilia, theluji imemjaa kichwani pasipo na kofia.

"Unakwenda wapi? Mke wangu, ngoja kwanza. Tulale hapa kwa Noreen."

"Wewe rudi na Harlan. Mimi nakwenda nyumbani kutoa vitu vyangu."

"Usipande milima sasa! Nimetazama ramani, itafika futi kule juu, watafunga barabara. Rosalie!" Akaweka mkono juu ya kioo cha mlango niliokwisha kuufunga. "Nakuapia. Safari hii ni kweli."

Nikawasha gari, nikaondoka.