Mikono Iliyomfuata Lusweti

Beldina alikuwa akipooza uji wa mumewe mikono ilipobisha hodi. Ilikuwa minne, ya chuma, mikono ya roboti, ile ile iliyompasua Lusweti ngiri hospitalini mjini. Ilikuwa imetembea kwa vidole hadi huku karibu na Shianda, katika matope ya El Nino, na Beldina akaipa maji inawe kabla ya kuingia.

"Imekuja kuona kidonda," Lusweti alisema kutoka kitandani.

Mitatu ikamfunua shati, ikakagua matundu madogo tumboni, ikayapangusa. Wa nne ukamshika mkono. Hakuna aliyewahi kumshika hivyo tangu mamake afariki. Akaona haya kidogo, kisha akasinzia, harufu ya miwa ikipita dirishani. Jioni Beldina alichinja kuku. Firigisi ni ya mgeni, lakini mgeni hakuwa na mdomo, kwa hiyo Lusweti akaila kwa niaba yake.

Osundwa akaja. Alikuwa nyapara wa wapakiaji miwa, mtu ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kofia yake.

"Baba Gentrix, miwa iko chini inachacha. Ukikosa kesho, nafasi yako napatia Wanjala."

"Daktari alikataza hata mtungi wa maji," Beldina alisema.

"Mimi sina neno na daktari, mama."

Lusweti aliogopa. Bila kazi ile, mtoto wao Gentrix angerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo. Akajaribu kuinuka, tumbo likamvuta. Mkono mmoja ukamlaza tena, polepole, na asubuhi, yote minne ikaenda shambani. Osundwa aliihesabu kama Lusweti.

Mvua ilinyesha, Lusweti akalala. Aliota anaelea juu ya mashamba, mwepesi, hana mzigo, na alipoamka alikuwa amepona kidogo zaidi. Kila magharibi mikono ilirudi imelowa, na Beldina akaipaka mafuta ya kupikia kwenye viungo.

Siku moja ule wa nne ulirudi na uvimbe karibu na kiwiko. Mkono ukiinuliwa, uvimbe unatokeza, ukibonyezwa, unarudi ndani. Lusweti aliubonyeza kwa kiganja, akajua ni ngiri. Moyo ukamuuma kuliko alivyoumwa na ngiri yake mwenyewe.

"Nani ataupasua?" Beldina aliuliza.

Hospitali ilijibu kwamba upasuaji huo hufanywa na ile mikono, na ile mikono haijarudi kutoka kwenye miwa. Basi wakaulaza kitandani, pale pale alipolala Lusweti, wakaufunika blanketi.

Alfajiri Osundwa alichungulia mlangoni.

"Pole," aliuambia mkono, na alimaanisha. Kisha akageuka. "Na wewe, Baba Gentrix, si umepona?"

Lusweti alitazama makovu yake. Yalikuwa yamefunga vizuri sana.

"Nimepona."

Akavaa gambuti, akainama kuuaga mkono. Ukamshika, ukakataa kuachia. Beldina akaufungua kidole kimoja kimoja, kwa upole, maana trekta ya miwa ilikuwa inapiga honi.