Pipa la Ndeshi

Ko. Kisha kimya, kama vile mwenye shoka anavuta pumzi. Ko tena. Meshack aliusikia mlio huo akiwa bado anapanda kinjia cha kijiji cha Nkoaranga, migomba imeificha nyumba ya baba yake, na moyo ukamwambia kuni hazipasuliwi hivyo.

Alimkuta mzee Aminieli uani, ameliinamia pipa la mbao ambamo marehemu Ndeshi, mama yake Meshack, alichachushia pombe ya ndizi maisha yake yote. Mbao mbili zilikuwa tayari chini.

"Shikamoo Baba. Weka shoka."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kuniamuru?"

"Pipa ni la Mama."

"Mama yako hayupo. Mvua ikinyesha, linanuka pombe yake. Niko kitandani, naitika, nadhani ananiita." Mzee alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nimechoka kuitika, kijana."

Meshack alitua mkoba wake chini. Akatoa mkobani chupa aliyoachiwa na mgeni katika baa ya hoteli anakofanya kazi mjini: bourbon, wiski ya mahindi ya Kimarekani. Akamimina vikombe viwili, akanywa yeye kwanza, maana mleta pombe ndiye huionja mbele ya mwenyeji ili shaka imtoke. Kisha akampa baba yake kwa mikono miwili.

Aminieli alidondoshea ardhi tone. "Mchungaji asijue." Akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

"Inaanza na moto. Halafu kuna zabibu, inakuja nyuma polepole. Wamechanganya divai?"

"Hapana, Baba. Ikishakomaa katika pipa lake, wanaihamishia kwenye pipa lililokuwa na divai. Divai yenyewe ilishanywewa zamani. Ni mbao tu zinazoikumbuka."

"Wananunua pipa tupu la watu?"

"Wanalitafuta hasa. Jipya halina la kusema."

Mzee akatazama chini. Akaokota ubao mmoja, akaunusa upande wa ndani, akaunusa muda mrefu. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Alikuwa humu," alisema. "Alikuwa humu, nami nimempiga shoka."

Meshack alijaribu kuurudisha ubao mahali pake. Ufa ulikuwa umepita katikati, toka juu hadi chini.

"Nenda kamwambie wewe," mzee alisema, macho yake yakikwepa migomba ya nyuma ya nyumba, alikozikwa mkewe. "Mimi sina uso."

Meshack akaenda, akapiga goti kando ya kaburi.

"Mama, ni Meshack. Baba amevunja mbao mbili za pipa lako, na analia. Nitachonga nyingine, nizifunge pamoja na zako zilizobaki. Ndizi zikiiva tutapika pombe. Haitakuwa kama yako, najua. Na mvua ikinyesha nitakuja kulala hapa, nisimwache aitike peke yake."