Ufizi Ushike

Mwalimu Kadra alifundisha wasichana Kurani katika madrasa moja ya Garsen. Jino lake la mbele la juu liling'oka siku alipokwenda kwenye boma la ng'ombe la mumewe, Abdiaziz, akachuchumaa kumkama ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza. Ng'ombe alirusha teke, ukwato ukampata mdomoni.

Midomo ilipona, pengo likabaki. Mtu mwingine angelizoea. Lakini herufi tha na dhali hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya juu, na sasa pumzi ilipenya pale penye pengo ikitoa mluzi mwembamba. Kadra alijitahidi kuuficha. Halafu siku moja mwanafunzi wake mmoja, Tadicha, alisoma sura yake vizuri kabisa, ila kila alipofika kwenye tha alipiga mluzi uleule. Hakuwa akimkejeli mwalimu. Alikuwa akisoma kama alivyofundishwa. Kadra aliwaruhusu wote mapema, na wiki ile ile akaenda Hola kwa daktari wa meno.

Daktari Ubah alikuwa mwanamke wa Kisomali, mdogo kwake kwa umri, mwenye maneno machache. Alipompima alimwambia kwamba ufizi wake ni mwembamba, na kwamba kipandikizi cha chuma, ule mzizi bandia wa kubebea jino, kingeonekana kama kivuli cheusi chini ya nyama. Afadhali cha kauri, ambacho ni cheupe. Shida ya kauri, kama ya chuma, ni pale inapokutana na ufizi.

"Jino la kuzaliwa nalo, ufizi umelishika shingoni kama ngozi ilivyoshika ukucha," alisema. "La kupandikiza, mara nyingi ufizi hulizunguka tu, haulishiki sawasawa. Penye mwanya vijidudu hushuka. Vikiula mfupa, jino linaondoka."

Kile alichokusudia kumwekea kilikuwa kimechorwa shingoni, kwa mwali wa leza, mifereji midogo isiyoonekana kwa macho, ili nyama ipate pa kujishikiza. Kabla ya kukiweka angekianika chini ya taa maalumu, kwa sababu hiyo hiyo. Ubah alikuwa amejifunza njia hiyo masomoni na kuwaona wagonjwa wa mwalimu wake, lakini yeye mwenyewe hakuwa amemwekea mtu yeyote. Hilo pia alilisema wazi. Kadra akamuuliza kama ufizi utashika.

"Natarajia. Siwezi kukuapia."

Pale kwenye kiti Kadra alilipenda jibu hilo. Alipofika nyumbani likaanza kumtia hofu.

Hata hivyo alikubali. Kipandikizi kiliingizwa mfupani, kikaachwa miezi kadhaa kishikamane na mfupa, kisha Ubah akaligandisha jino jeupe juu yake kwa gundi ya meno. Mluzi ulikwisha. Kwa majuma machache Kadra alisoma kwa sauti kama zamani, na wasichana wakasoma nyuma yake.

Asubuhi moja, akisukutua maji kwa ajili ya udhu, aliona uzi wa damu kwenye maji aliyotema. Akasukutua tena, na tena, hadi maji yakatoka safi. Siku iliyofuata damu ilirudi. Alidhani ni mswaki wake wa mti, akauacha. Damu haikuacha. Alianza kuligusagusa jino kwa ulimi akitafuta kama linacheza, na kila alipoligusa aliona limecheza, ingawa hakuwa na hakika. Darasani alisoma taratibu, kisha akapunguza kusoma kabisa, akawa anawasikiliza wanafunzi tu. Akizungumza na watu alisogea nyuma kidogo, akihofia mdomo wake unanuka.

Hakumpigia daktari. Alijiambia angengoja siku ya miadi. Kweli ni kwamba aliogopa kuambiwa.

Kabla ya siku hiyo mvua za huko juu ziliujaza mto Tana, maji yakavuka kingo na kuikata barabara ya Hola. Abdiaziz alikuwa mbali, amewahamishia ng'ombe mahali palipoinuka, na simu yake haikupatikana. Aliyekuwepo nyumbani ni wifi yake, Sadia, ambaye siku zote alisema kitu kisichotoka mwilini hakiwezi kukaa mwilini. Alimwona Kadra akitema damu uani.

"Wifi, king'olewe hicho kabla hakijakuharibu mdomo mzima," alisema, kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomtisha Kadra kuliko yote. Akaingia ndani akampigia Ubah.

Ubah alisikiliza bila kumkatiza. Akauliza kama kuna usaha, kama kuna uvimbe, kama jino linauma akitafuna. Kadra alijibu hapana, uvimbe kidogo, hapana. Akaulizwa damu ilianza lini. Akaitaja siku.

"Ungeniambia siku ile ile, Mwalimu," Ubah alisema. Akamwelekeza asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, wala asiliguse jino.

Kadra hakujua kwamba daktari naye tangu hapo hakutulia. Hicho kilikuwa kipandikizi chake cha kwanza cha namna ile. Kama nyama imekataa mifereji yake, alitaka kuiona kwa macho yake. Akaomba nafasi katika boti iliyokuwa ikivusha dawa penye mafuriko, akafika Garsen nguo zikiwa zimelowa hadi magotini, vyombo vyake amevikumbatia katika mfuko wa nailoni.

Walipewa chumba katika kituo cha afya. Sadia alimulika tochi. Ubah alipitisha kijiti chembamba cha chuma ukingoni mwa ufizi, polepole, akilizunguka jino kutafuta penye mwanya. Kadra aliikodolea macho dari, vidole vimeng'ang'ania shuka ya kitanda. Mbele, kijiti kiligoma kushuka. Upande wa kushoto, kiligoma. Upande wa kulia kilizama, damu ikatoka.

Ubah alidunga ganzi, akaingiza ncha nyingine iliyopinda, akakwangua, akatoa punje nyeupe ndogo kuliko chembe ya mchele. Akaiweka kwenye kitambaa na kuitazama.

"Hii ni gundi," alisema. "Ilibanwa chini ya ufizi nilipoligandisha jino. Ilipaswa kutoka yote siku ile, na mimi sikuiona. Kosa ni langu."

Kadra aliuliza, kwa ulimi uliokufa ganzi, kama sasa ufizi utashika. Ubah alisema pande nyingine umeshika vizuri, kwa hiyo kauri haikukataliwa. Upande huu ameusafisha, lakini nyama ikishaachia mara moja huwa nzito kurudi. Ingebidi wangoje.

Kungoja huku kulikuwa kugumu kuliko kule kwa kwanza, maana sasa Kadra alijua anachongoja. Alikula upande mmoja. Kila asubuhi alitema maji kwenye bakuli jeupe, akainama kutazama. Damu ilipungua, ikarudi siku moja akalia, kisha ikakoma.

Barabara ilipofunguliwa alikwenda Hola. Ubah alipitisha kijiti kile kile. Upande wa kulia kilishuka kidogo, kikagoma, na hakikutoka na damu. Alirudia mara nyingine kuhakikisha, ndipo akakiweka kijiti chini.

Umeshika, alimwambia, ila chini kidogo ya mahali pake. Ufizi umerudi nyuma na hautapanda tena wenyewe. Akampa kioo. Upande mmoja jino lilionekana refu kuliko mwenzake, na ukingoni palikuwa na mstari mweupe wa kauri. Ubah alisema akitaka wanaweza kuchukua kipande cha nyama kaakaani wakakishonea hapo kuuziba.

Kadra alijitazama, akainua mdomo, akaushusha. Akasema asante, hapana, haoni sababu ya kuichokoza nyama iliyokubali kushika. Akarudisha kioo, akauliza arudi lini kuangaliwa.