Kufagia Nyumba Isiyo na Paa

Ratemo alivunja kijiti cha chai, kikalia kah. Akavunja cha pili, kikalia vilevile. Akavitupa chini, akajipangusa mikono kwenye koti.

"Shemeji," alisema, "hii chai umeiua."

Nyamoita aliviokota vile vijiti. Mbele yake visiki mia nne vilisimama vikimfika magotini, vyeusi, bila jani hata moja. Miaka minne iliyopita yeye na mumewe Osoro waliileta hiyo miche kichwani kutoka kitaluni, imefungwa kwa maganda ya migomba, wakapumzika mara tatu kabla ya kuumaliza mlima wa Kiptere. Osoro aliiona ikifika kiunoni. Kuichuma hakujaliwa.

"Mvua ikianza nakuja na jembe," Ratemo aliendelea. "Tung'oe, tupande mahindi. Na mimi ndiye nitasimamia shamba la ndugu yangu. Wewe umechoka."

Hakuwa mtu mbaya Ratemo. Siku ya mazishi alichimba kaburi la nduguye mpaka viganja vikatoka damu, na hakumwonyesha mtu. Lakini Nyamoita alijua maana ya neno kusimamia. Chai iking'olewa, yeye hatakuwa tena na neno kwenye shamba hilo.

Kosa lilikuwa lake, na hakulikana. Alichuma chai miaka kumi na mmoja kwenye shamba kubwa la kampuni, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni. Lakini kupogoa ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake waliitwa baadaye, kuokota vijiti vya kuni, wakati visiki vilikuwa vimeshaanza kutoa kijani. Kwa hiyo picha aliyobaki nayo ni ya mti uliokatwa wote, safi kama meza. Januari, jua likiwa kali, alikata hivyo. Alikata kwa siku tisa, na jioni ya tisa alisimama mlangoni akajisifu kidogo.

Asubuhi yake jirani yake, Mwalimu Johana, alisimama kwenye ua. Alivua kofia kabla ya kusema, ndipo Nyamoita akajua si habari njema.

"Mama Elmina, si huwa tunaachanga tawi moja moja juu? Ndio mti upumue."

"Tawi la kupumua?"

"Ndiyo. Likishatoa kijani huku chini, ndio tunalikata. Sasa ukikata yote mara moja, na hili jua..."

Hakuimaliza sentensi, na Nyamoita alimshukuru kwa hilo.

Jumapili baada ya kuja kwa Ratemo, alikwenda kwa Mwalimu kutazama televisheni. Ilikuwa ya pekee upande ule, ikila betri ya gari, na jioni nusu ya kanisa ilihamia kwenye uwanja wa nyumba yake. Rebeccah, mke wa Mwalimu, alimwona akisita langoni, akamsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei, mama Elmina! Njoo mbele. Hiki kiti nimekukatazia watu tangu saa kumi."

Mwalimu alikuwa juu ya ngazi, akizungusha mlingoti wa eriali, watu wakimwelekeza kutoka chini.

"Bado! Bado! Hapo!"

"Umepita, Mwalimu! Rudi kidogo!"

"Mwalimu, hata mkaguzi wa shule hajakuzungusha hivi!"

Watu walicheka, na picha ikashika. Ulikuwa mchezo wa mwanamke mmoja ambaye nyumba yake imeungua. Majirani wa kwenye mchezo walikuja, wakapiga mayowe, wakaenda zao. Mwanamke akabaki peke yake katikati ya kuta nne, juu yake mawingu matupu. Alizunguka. Aligusa ukuta. Kisha akainama, akakusanya vijiti vichache, akavifunga pamoja kwa uzi alioutoa kwenye pindo la nguo yake, akaanza kufagia.

"Ngai!" alipiga kelele Onsongo, mwenye duka la sukari, aliyeishi Nyeri zamani na kurudi na maneno ya huko. "Anafagia nini na nyumba haina paa?"

"Anafagia mvua!" mwingine akadakia, uwanja ukaangua kicheko.

Nyamoita hakucheka. Alikuwa akitazama ule mgongo. Mwanamke hakufagia kama mtu aliyerukwa na akili. Alianzia pembeni, akavuta majivu kuelekea mlangoni, akaruka mahali fulani, akarudi kupafagia tena vizuri. Mlango wenyewe haukuwepo, lakini alipofika pale aliinua mguu, kama mtu anayevuka kizingiti. Akafika kwenye mafiga, akaokota jiwe moja lililoanguka, akalirudisha mahali pake, akalisukuma kwa kiganja kuona kama limekaa.

Kisha picha ikasinyaa, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, ikazimika.

"Betri!" watu wakalia. "Mwalimu, betri!"

Walipokuwa wakitawanyika, Nyamoita alibaki kumsaidia Rebeccah kuingiza viti.

"Mwalimu," aliuliza, "yule mama mwisho wake unafikiri ulikuwaje? Alipata paa?"

Mwalimu Johana alikitazama kile kioo cheusi kama mtu anayesoma. "Betri imekataa kusema, mama."

Kesho yake asubuhi Nyamoita alikwenda kwenye rundo la matawi aliyoyakata, aliyoyatunza yawe kuni. Akayafungua. Mzigo kwa mzigo aliyarudisha shambani, akayalaza kati ya mistari ili udongo usiungue. Akapalilia kwa vidole kuzunguka shina la kila kisiki. Maji ya kuoshea vyombo hakuyamwaga tena uani. Aliyabeba kwenye karai mpaka mstari wa kwanza, na siku ya pili mstari wa pili.

"Unafagia, mama?" Onsongo alimwuliza siku moja kutoka njiani.

"Nafagia, baba. Karibu ufagio."

Onsongo akacheka, lakini akasimama muda kidogo kabla ya kuendelea.

Kwenye wiki ya pili Rebeccah alitokea na mzigo wa nyasi kavu mgongoni. "Nilikuwa napita tu," alisema. Njia yake ya mtoni haikupita pale, ilikuwa upande wa pili wa kilima. Nyamoita hakumwambia. Waliutandaza pamoja, na kesho yake Rebeccah akapita tu tena.

Mvua ilianza Machi, Jumanne alasiri. Jumatano Ratemo alifika, jembe begani, kofia yake kuukuu kichwani. Alimkuta Nyamoita amepiga magoti kwenye mstari wa kumi na saba.

"Shemeji, nilisema."

"Ulisema. Ngoja nimalize huu mstari."

Ratemo alingoja kidogo, kisha akaona ni mchezo wa kumchelewesha. Akaenda kwenye kona ya juu, akapiga jembe. Akapiga tena kuzunguka, akashika kisiki kwa mikono miwili, akajitupa nyuma. Kiling'oka kwa shida, kikilia chini ya ardhi.

Nyamoita alisikia ule mlio. Hakuinuka. Vidole vyake vilisimama tu kwenye udongo.

Ratemo alikigeuza kisiki. Mzizi mmoja ulikuwa umekatwa na jembe, na mle ndani ulikuwa mweupe, wenye maji, kama muhogo mbichi. Akakuna gome kwa ukucha. Kijani. Akakisogeza karibu na macho. Pembeni mwa tawi lililokatwa palikuwa na kitu chekundu kinachotaka kuchipua, kidogo kuliko punje ya wimbi.

Akainama kwenye kisiki cha jirani, akatazama. Akaenda cha tatu. Hicho kilikuwa kikavu kabisa. Cha nne kilikuwa na punje mbili. Akarudi alikotoka na kusimama juu ya lile shimo.

"Shemeji," aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leta maji."

Nyamoita alipofika na karai, Ratemo alikuwa amepiga magoti, amekirudisha kisiki shimoni, anaushindilia udongo kwa viganja. Akasukuma shina kuona kama limekaa.

"Kitashika?" aliuliza.

"Sijui," Nyamoita alisema, akimimina taratibu.

Wingu lilifunguka, jua likapiga shamba lote. Ratemo alitazama juu, akatazama kisiki, akavua kofia yake na kukifunika. Kisha akaenda kichwa wazi mpaka mstari wa kumi na nane, akaanza kupalilia kwa vidole.

Jioni Rebeccah alipita tu. Kutoka njiani alidhani ni mzee fulani mfupi mwenye kofia amekaa kule kona ya juu katikati ya chai, akalaza mzigo wake chini ili amsalimu vizuri.