Karo za Chumba cha Nyuma

Pirogi ya kuvukia mto ilikuwa imeshaacha ukingo wa Kindu wakati Louis alipoanza kupiga kelele. Alisimama majini mpaka magotini, suruali imekunjwa, anamwita mdogo wake kwa sauti ya kusikiwa na soko zima.

"Fabien! Usirudi bila chumvi, eh! Huku kwetu hata ya kuweka juu ya yai haiko!"

Fabien alikuwa amekaa karibu nami, baiskeli yake imelala juu ya magoti yetu wote wawili. Akacheka. "Sikia huyu mukubwa wangu," akaniambia. "Utasema anatuma treni."

Ilikuwa mwaka 2002, na njia zote zilikuwa zimefungwa. Treni haikuja tena. Askari walikuwa mjini, wapiganaji wa Mai-Mai porini, na sisi wa katikati tulikula sombe la majani ya muhogo lililotiwa maji ya majivu. Unachoma maganda ya ndizi, unachuja majivu, unachemsha mpaka ubaki na uchungu fulani, halafu unajidanganya kwamba ni chumvi. Louis alikuwa na duka, naye aliapa mbele ya watu kwamba hana hata kijiko. Yeye ndiye aliyemtafutia Fabien matairi ya baiskeli, ili aisukume mpaka upande wa Pangi akatafute. Pélagie, mke wa Fabien, alibaki nyumbani kwa Louis, tumbo limeshaanza kuonekana.

Mimi nilikuwa naondoka tu, kama ilivyo tabia yangu. Nilikuwa fundi wa sakafu, na wakati wa vita hakuna anayemwita fundi wa sakafu. Tuliachana Alunguli, pale njia inapoanza kupanda. Fabien alikaza kamba ya mzigo, akaniuliza kama mtoto akiwa wa kiume ningemwita nani. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kuulizwa mambo ya watoto. Akaanza kusukuma. Hakuonekana tena, yeye wala baiskeli.

Nilitembea sana baada ya hapo. Kasongo, Kalemie, Kisangani, tena pale panapoitwa Kama, kwenye dhahabu. Mwaka jana nilirudi Kindu na magoti mabovu, na Pélagie akaniona sokoni akanishika mkono kama mtu aliyeokota kitu.

"Muzee Henri! Mungu njo amekuleta. Niko na sakafu ya kutengeneza."

Alikuwa bado kwa Louis. Hakuolewa tena. Alimuuguza mke wa Louis mpaka akafa, na tangu siku hiyo alipika, alifua, alifungua duka asubuhi. Hakulalamika hata kidogo. Louis alimlea Ornella, mtoto wa Fabien, akamsomesha mpaka akawa muuguzi, na mji mzima ulimsifu kwa hilo. Pélagie alimsifu kuliko wote. "Bila Baba Mukubwa," alisema, "mimi na mutoto tungekuwa wapi?"

Sasa Ornella alikuwa amechumbiwa na Dieumerci, kijana wa wafanyabiashara wa Butembo wenye maduka hapa. Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi ya pili kutoka siku hiyo. Kwa kuwa baba hakuwapo, Louis, kaka ya baba, ndiye wa kupokea. Mbuzi walikuwa wameshatangulia, wamefungwa uani.

"Siku hiyo ipite vizuri," Pélagie aliniambia, "na mimi nitakuwa nimemaliza kazi yangu duniani."

Nyumba ile ni ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, na sakafu yake ni ya karo, vigae vya udongo uliochomwa. Karo hizo zinakunywa. Ukimwaga maji zinayanywa, ukimwaga mafuta zinayanywa, na kila walichokunywa watu wa nyumba nazo zimeonja. Kuzitunza si kazi ngumu lakini inataka uvumilivu: unaondoa uchafu wa zamani wote, unaosha, unaacha zikauke kabisa, ndipo unazishibisha mafuta ya kitani na kumalizia kwa nta ya nyuki, zisinywe tena kitu kingine.

"Si tupake mawese tu, kama watu wote?" Pélagie aliuliza.

"Mawese hayakauki. Wakwe watakuja kukaa juu ya chakula cha siafu."

Akacheka mpaka akajishika ubavu.

Louis alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo. Alitazama kazi ya sebuleni akaridhika. Kisha akaelekeza fimbo kwenye mlango wa ndani. "Chumba cha nyuma, acha. Kiko vizuri."

"Baba Mukubwa, wamama wa Butembo watakaa wapi?" Pélagie akasema. "Watakaa humo. Kiko cheusi kama chungu."

"Nimesema, acha."

Louis alipokwenda kanisani kwenye mkutano, Pélagie alinifungulia mlango mwenyewe. Chumba kilikuwa kimepakwa sira nyekundu, ile nta ya kopo, tabaka juu ya tabaka, nene kama ngozi ya ng'ombe. Sijaona mtu aliyepaka chumba cha kuwekea vitu namna hiyo. Tuliikwangua kwa visu, tukaiosha kwa maji ya moto na sabuni, tukasugua kwa brosi mpaka udongo ukaonekana rangi yake. Pélagie alisugua kuliko mimi. Tukafungua mlango na dirisha ili karo zikauke.

Kesho yake sakafu ilikuwa nyeupe. Nikamwambia ni unyevu wa ardhini, mto uko karibu, udongo unatoa chokaa yake. Tukaosha tena kwa maji ya limau, tukasuuza. Weupe ukarudi, tena mwingi zaidi, kama unga. Nikasema ni unyevu tu. Hapo nilikosea.

Mbuzi ndio waliojua. Mmoja alikata kamba, wengine wakamfuata, na tulipotoka jikoni tukawakuta wote chumba cha nyuma, vichwa chini, wanalamba sakafu. Hata majani hawakuyatazama tena.

"Tokeni, majambazi!" Pélagie aliwapiga kwa ufagio. "Mahari inakula nyumba!"

Niliinama, nikalowanisha kidole, nikagusa karo, nikaweka ulimini. Pélagie aliona uso wangu, akafanya vilevile. Kisha akasimama akatazama chumba. Weupe haukutapakaa ovyo. Ulikaa kwa mistari, mraba kando ya mraba, kutoka ukutani mpaka karibu na mlango, na kati ya mistari kulikuwa na njia ya mtu kupita. Magunia. Chumvi ikikaa katika unyevu wa Kindu inalia maji, na karo zilikuwa zimeyanywa yale maji, miezi mingi, kabla mtu hajazifunika kwa nta.

"Humu alikuwa anatukataza kuingia," Pélagie akasema polepole. "Alisema askari waliacha risasi."

Louis aliporudi alimkuta amekaa chini katikati ya chumba, miguu imenyooshwa kama mwanamke kwenye matanga. Nilitaka kutoka. Pélagie akasema, "Muzee Henri, baki."

Louis alitazama sakafu, akatazama kisu cha kukwangulia. Hakukana. Alitafuta kiti.

"Askari walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba," alisema. "Muntu mwenye chumvi alikuwa maiti. Ulitaka tufe wote?"

"Ulimutuma."

"Kila nyumba ilituma muntu. Nyumba isiyotuma, watu wangesema hiyo iko na chumvi."

Nje mbuzi walikuwa wakilia. Pélagie alikuwa anapangusa mkono wake kwenye kitenge, mara nyingi, ingawa mkono ulikuwa safi.

"Ungemuambia," akasema. "Angelala Alunguli kwa kaka yangu, angerudi kesho, angesema njia imefungwa."

"Fabien? Ungemupa siri asubuhi, saa sita soko lote linacheka nayo." Na ni kweli, Fabien alikuwa hivyo. Niliona mdomo wa Pélagie unataka kukubali, kisha ukakataa. "Nilijua ataona hatari, atarudi mwenyewe," Louis akaendelea. "Sikumuua mimi."

"Na chumvi?"

"Niliiuza njia zilipofunguka. Bei ilikuwa imeanguka." Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, kama mtu anayetaka kuhurumiwa. Kisha akanigeukia. "Henri, paka mafuta yako. Wageni wanakuja."

Nikamweleza kwamba karo yenye chumvi haishiki mafuta, kila kitu kitabanduka.

"Paka."

"Usipake," Pélagie akasema. Akainuka, akaenda kumtafuta mtoto wake.

Ornella alisikiliza amesimama, bado na nguo zake za kazi. Pélagie alimwambia yote, na kwamba mahari itapokelewa Alunguli kwa mjomba, si mikononi mwa mtu yule.

"Mama, miaka yote hii unasema Baba Mukubwa njo baba yangu."

"Sikujua."

"Yeye njo amenisomesha. Aliketi na mimi hospitali nilipougua. Huyo mwingine sikumujua." Akaanza kulia, lakini hakusogea. "Ukienda, utaenda peke yako."

Pélagie alikwenda. Alituma neno kwa watu wa Butembo. Walijibu kwa heshima: kwao mbuzi wanakwenda kwa ukoo wa baba, na wao hawaingii ugomvi wa ndani.

Jumamosi Louis alitandika mikeka chumba cha nyuma, wamama wakakaa, ngoma ikapigwa. Mimi nilimwona Ornella akitoka, nikavuka mto. Pélagie alikuwa anatwanga sombe kwa kaka yake. Hakuinua macho.

"Amevaa nini?"

"Kijani. Na kilemba."

Akaendelea kutwanga.

Louis alikufa mwaka huu kwa presha, akazikwa na watu wengi. Nyumba ilimwendea mwanawe Octave wa Kinshasa, aliyebandika karo nyeupe za Kichina juu ya zile za udongo na kuipangisha. Ornella na Dieumerci wako Butembo, wana mtoto wa kike. Pélagie anauza sombe Alunguli na hajamwona mjukuu wake. Fabien hakupatikana. Mimi niko Kama, naosha mchanga wa dhahabu ya watu wengine, siku ambazo magoti yanakubali.