Unga wa Santuri

Sisi wanne tulikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni muziki. Wenzetu pale kambini, upande wa Geita, Jumapili walikwenda kwenye pombe au walilala. Sisi tulikutana chumbani kwangu baada ya misa, kwa kuwa gramafoni ilikuwa yangu. Sheria nayo ilikuwa yangu: santuri ikizunguka hakuna kusema, hakuna kukohoa, na mkono wa mtu mwingine usiiguse.

Naitwa Eustace, mtu wa Bukoba. Mgodini kazi yangu ilikuwa kunoa tindo, zile nondo za kutobolea mwamba. Jioni zililetwa kwangu zikiwa butu, asubuhi ziliondoka zikiwa kali. Kwa miaka tisa sikurudishiwa hata moja kwamba haikunoleka. Nasema hivi kwa kujisifu, sikatai, maana kisa chote hiki kilizaliwa na majisifu hayo.

Akida alikuwa muuza nguo, baba yake mtu wa Tanga na mama yake Mmanyema. Yeye si mtu wa misa, kwa hiyo tulimkuta mlangoni pangu amekwisha kuketi, kanzu nyeupe, miguu amekunja. Kwake muziki usio na udi na fidla ulikuwa kelele za sokoni. Bhoke, mjane wa Kikuria aliyeuza togwa langoni mwa kambi, alimjibu kwamba huo udi ni litungu la kwao lililonyimwa chakula. Mimi niliwaambia wote wawili kwamba hawajasikia nanga ya Kihaya ikipigwa na mtu mwenye akili. Tuligombana hivyo mpaka togwa ikaisha.

Wa nne, Stanslaus, hakugombana na mtu. Alikuwa Msukuma wa Samuye, mchimbaji wa chini, mtu mzima mpole mwenye kucheka polepole. Akichoka na maneno yetu aliichukua ndono yake, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, akabana kibuyu kifuani, akaanza kuugonga uzi kwa kijiti. Basi tulinyamaza. Hata Akida.

"Uzi mmoja!" alisema Akida siku moja, macho yamemlowa. "Sisi tuna nyuzi kumi na moja na bado tunatafuta hicho alichonacho huyu."

Wimbo tulioupenda kupita nyimbo zake zote ulikuwa wa mama yake. Alitueleza maana yake mara moja, kisha hakutaka kuulizwa tena. Aliondoka Samuye asubuhi, mama yake akiwa kisimani. Hakumuaga, kwa kuogopa kwamba machozi ya mama yatamzuia. Katika wimbo anasema: mama, nilipita kando ya kisima nikakuona mgongo, ukiinama kuteka maji, nikakaza mwendo, mama, mgongo wako unanifuata mpaka chini ya ardhi. Miaka minne alikuwa anajiandaa kurudi na kitu mkononi. Hakurudi.

Mwaka elfu moja mia tisa na hamsini, wakati wa kiangazi, alipita mzungu mmoja mwenye gari na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa anazunguka nchi nzima akitafuta wapigaji. Stanslaus alipiga wimbo ule mara moja tu, amekaa juu ya sanduku la misumari, nasi watatu tukiwa nyuma ya gari tumeziba midomo kwa viganja. Ulipita mwaka mzima. Ndipo ikaja kwa posta santuri moja, nyeusi, nzito, jina lake limeandikwa kwa kalamu.

Aliisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipokwisha alicheka.

"Kumbe ndivyo nilivyo," alisema. "Fundi Eustace, mimi sina gramafoni. Kaa nayo wewe. Nikimleta mama, au akija mwenyewe, umwekee."

"Atakuja wakati gani?"

"Akishauza pamba ya mwaka huu au ya mwakani. Sauti yenyewe haina haraka, imeshakaa humo."

Nilimwahidi. Naikumbuka ahadi ile, maneno yake na mahali nilipokuwa nimesimama.

Miezi miwili baadaye kichomi kilimchukua kwa siku tatu. Tulimzika penye mwinuko nyuma ya kambi, na Akida akatuma habari Samuye kupitia madereva wa malori ya Kahama. Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo: mama ni mgonjwa wa miguu, mvua zimeanza, atakuja baada ya mavuno. Amesikia kwamba iko sahani yenye sauti ya mwanawe. Anaomba itunzwe.

Nasi tuliitunza namna hii: tuliipiga kila Jumapili. Halafu Bhoke akaanza kuja Jumatano, anasema moyo umemshinda. Halafu mimi peke yangu, nikitoka kazini kabla hata sijanawa masizi. Nilimpenda Stanslaus kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sikuwa nimemwambia.

Sindano za gramafoni ni za kupiga mara moja na kutupa. Imeandikwa hata kwenye kikopo chake. Lakini kikopo kilikwisha mwezi wa pili, barabara ya Kahama imekatika kwa matope, na hakuna duka la karibu lililokuwa nazo. Nilichukua sindano iliyotumika nikaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa butu. Mimi chuma butu sijapata kukitupa maishani mwangu. Nilikwenda kwenye jiwe langu la kunolea, nikaipitisha taratibu, nikaigeuza, nikaipitisha tena, mpaka ikawa kali kuliko ilivyotoka kiwandani.

Jumapili ile sauti ilitoka kubwa, ikawaka. Bhoke alipiga makofi. Akida alikunja uso.

"Sindano hizi umezipata wapi, Fundi?"

"Nimezinoa."

"Sindano ya santuri hainolewi, bwana wangu. Kule Tanga mtu akinoa sindano haruhusiwi tena kukaa karibu na gramafoni. Unaweka kisu juu ya sahani."

Damu ilinipanda. Muuza kaniki, mtu asiyejua kupiga msumari, ananifundisha kunoa! Nilimwambia palepale, mbele ya Bhoke, kwamba chuma butu ndicho kinachokwaruza, mchimbaji yeyote anajua hivyo, na kwamba kama anataka kusikiliza anyamaze na kama hataki mlango anaujua. Aliinuka, akavaa makubazi yake, akaenda. Hakurudi Jumapili iliyofuata wala zilizofuata. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa linakufa huku linajiona ndilo linalosikia kuliko yote.

Kila wimbo ulipokwisha nilikuta unga mweusi kidogo kwenye ncha ya sindano, laini kama masizi ya taa. Niliupuliza. Nilidhani ni vumbi. Mtu wa kazi ya masizi hashangai kuona masizi.

Sauti ilianza kurudi nyuma. Kwanza mwanzo wa wimbo uliingia mkwaruzo. Kisha kijiti cha ndono kikawa kama kinagongwa chumba cha pili. Mwezi wa tano, pale penye kisima, palikuwa na mlio tu wa kitu kinachokaangwa. Bhoke aliniangalia, nami nikasema ni unyevu wa mvua, jua likitoka itakaa sawa. Nilijua si unyevu. Na nikijua hivyo, jioni yake niliipiga tena, kwa sababu nilitaka kusikia kilichobaki kabla hakijaisha. Huo ndio ukweli wangu na sioni njia ya kuupamba.

Mama yake Stanslaus alifika mwezi wa saba, Jumamosi, juu ya lori la pamba kutoka Kahama. Jina lake Zipora. Alikuwa mwembamba, miguu imevimba, kitambaa cheusi kichwani. Bhoke alimpokea, akamlaza kwake, na Jumapili asubuhi akamleta. Nyuma yao alikuwa Akida. Alikuwa amesafiri lori hilo hilo na mama, na mkononi alikuwa na kikopo kipya cha sindano.

"Nimezipata Kahama," alisema, akaniwekea mezani bila kunitazama. "Yaliyopita yamepita. Mwekee mama wimbo."

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama.

"Mwangaluka, baba. Wewe ndiye fundi wa sahani?"

"Ndimi."

Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha kitambaa chake, akaweka mikono magotini kama mtu aliye kanisani. Nilifunga sindano mpya. Nilimwomba Mungu, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka ule kwa moyo wote, kwamba sindano mpya irudishe kile ambacho zile zangu zilikula. Nikazungusha mkono wa gramafoni, nikashusha sindano.

Ulitoka mvumo. Mvumo mnene, sawasawa, bila mwanzo. Nilisikia ndono mle ndani, lakini mimi nilijua pa kuisikilizia. Mama Zipora alitikisa kichwa polepole, akatabasamu kwa adabu, akaendelea kungoja. Alingoja mpaka karibu na mwisho wa sahani, kisha akaniinamia.

"Mvua hiyo, baba, itapita lini? Au siku ile alikuwa anangoja ipite ndipo aimbe?"

Akida aliyafumba macho. Ningeweza kusema ndiyo, mayu, siku ile ilinyesha. Angeamini, na angerudi Samuye akihadithia mvua. Sahani ilifika mwisho ikaanza kugonga, tak, tak, nami nikainyanyua sindano.

"Si mvua, mayu. Anaimba humo. Mimi ndiye niliyemfuta."

Nikamweleza yote: sindano, jiwe, Akida alivyonionya na jinsi nilivyomfukuza, na Jumapili zote zile. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo nilieleza polepole, na kueleza polepole kuliniumiza zaidi.

Bhoke hakuweza kuvumilia. Alianza kuuimba wimbo, kwa Kisukuma, mahali penyewe pa kuanzia, na pumzi ya Stanslaus ile ile aliyokuwa akiivuta kabla ya neno la kwanza. Akida akaufuata, akigonga ukingo wa meza kwa kidole palipokuwa pa kijiti. Nami nikaimba, mimi nisiyeimba, sauti ya mhunzi. Mtu wa Tanga, Mkuria na Mhaya, tulimwambia mama yule kwa lugha yake: nilipita kando ya kisima nikakuona mgongo. Aliposikia hapo alishika shingo yake kwa nyuma, akaacha mkono hapo mpaka tulipomaliza.

Ndipo alipoushusha mkono.

"Wabeja," alitushukuru. "Maneno nimeyapata. Siku ile nilimwona. Nilisikia hatua zake, nikaendelea kuinama makusudi, ili aende bila kuona aibu. Lakini maneno angeweza kunitumia kwa mtu yeyote. Nilikuja kwa sauti."

Mimi nilikuwa nalia wazi, sina hata leso.

"Fundi," aliniita. "Huo unga mweusi uliosema. Uliotoka kwenye sindano. Uko wapi?"

"Nilikuwa naupuliza, mayu."

"Ukaangukia wapi?"

"Hapa hapa. Sakafuni."

Alitazama sakafu yangu ya udongo, kona moja mpaka nyingine. Kisha akavua viatu vyake vya matairi, akainua miguu ile iliyovimba kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, akaikunja juu ya kigoda ili asikanyage. Akabaki amekaa hivyo mpaka lori lilipopiga honi.