Siku Tuliyopima Nyumba

Mashine ilikuwa ya chuo, na mwalimu wangu alinikopesha kwa siku moja tu. Ina umbo la bunduki. Ukiigusisha ukutani au mchangani, inakuonyesha kuna madini gani na kwa kiasi gani. Mimi nilitafuta madini ya risasi, sumu iliyokutwa kwenye damu ya Chiriku, mtoto wa dada yangu. Zamani tulimwomba apumzishe mdomo. Siku hizi hata "maji" hasemi.

"Usipoona kitu leo, sisi tunaondoka," dada alisema. Mkoba wa mtoto ulishawekwa mlangoni.

"Mwende wapi?" mama akamrukia. "Si mlikaa kwa wakwe zako mwezi mzima, damu ikabaki vilevile? Mjukuu wangu haendi popote."

"Bora kutapatapa, mama, kuliko kukunja mikono."

Nikaanza. Kuta, hamna kitu. Uani, kidogo sana. Viatu vya baba, anayefanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia madini, vilijaa sumu tele, lakini huviacha nje ya geti na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

"Naoga mpaka ngozi inataka kuhama," baba aliguna. Nilipoinama uvunguni akapaza sauti: "Mende wote, mikono juu!"

Tulicheka. Kila chumba kilikataa, na kila kilipokataa nilihisi nakaribia. Kama sumu haikupungua damuni kule kwa wakwe, basi ilisafiri nao.

"Dada, kule mlibeba nini cha hapa nyumbani?"

"Hatukubeba kitu. Nguo alinunuliwa mpya hukohuko."

"Fikiri, dada yangu."

"Labda mto wake. Bila ule halali. Anautafuna pembe mpaka asinzie."

Nikaufungua mkoba, nikagusisha mashine kwenye ule mto. Tarakimu zikapanda mbio, zikapanda tena. Nikapiga kelele, mimi ambaye hata salamu natoa kwa kunong'ona.

"Ni huu! Ni huu!"

Mama akashika ukuta. Mto aliushona yeye, kwa kitambaa cha ile mifuko mikubwa inayonasa vumbi la moshi wa tanuri. Ikichakaa kiwandani hutupwa, na baba aliiokota kwa sababu haichaniki.

"Niliifua mpaka maji yakawa meupe," mama alisema.

"Vumbi hilo limezama kwenye nyuzi, mama. Halitoki kwa sabuni."

"Nami nilijiona nimeleta mali," baba akasema polepole.

Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akitoa nguo mkobani. "Hatuondoki! Chiriku, hatuondoki!"

Nilitaka kumkumbatia mama, lakini tayari alikuwa anatafuta kandambili.

"Unakwenda wapi?"

"Unadhani nilimshonea mjukuu wangu peke yake? Mtaa mzima, kila aliyejifungua nilimpelekea mto! Beba bunduki yako, twende."

"Watu nitawaambia nini mimi?"

"Wewe pima. Kusema niachie."

Sijamaliza kuvaa viatu, nikamsikia anagonga geti la pili.

"Jirani! Nimefuata ule mto!"

"Wee! Zawadi hairudi kwa mwenyewe!"

"Hii inarudi leo! Mtoe mtoto kitandani kwanza, halafu unitukane!"

Nikaikumbatia mashine kifuani, nikatoka mbio.